Nimefungua Injini ya Baba Mkwe, Sasa Nimekatazwa Kuigusa

Kwako Mama Cherop, mshauri wetu wa gazetini,

Salamu nyingi kutoka Lugari. Ninakuandikia moyo wangu ukiwa mzito na ninaomba unijibu haraka ukiweza, kwa sababu mvua za Aprili zimeanza huku kwetu na kitu ninachotaka kukueleza kinaharibika na unyevu, ingawa nikikitaja huenda ukacheka, maana wanawake wengine hukuandikia juu ya waume walevi na wake wenza, na mimi ninakuandikia juu ya injini ya gari.

Mimi ni mzaliwa wa Matungu, nimeolewa hapa Lugari, nina watoto na kazi yangu ni ushonaji, cherehani yangu iko sokoni Lumakanda. Mume wangu Phanuel anafanya kazi bandarini Mombasa, anakuja nyumbani Pasaka na Krismasi. Hapa nyumbani ninaishi na watoto na baba mkwe, mzee Shikanga, jina hilo ninaliandika tu kwenye karatasi, kwa mdomo siwezi kulitaja. Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa, kwa hiyo tangu niingie mji huu mimi ndiye ninayempikia mzee, na ninamheshimu kama desturi yetu inavyotaka, sijawahi kumpa mkono, sijawahi kukalia kiti chake, chakula ninamwekea mezani ninarudi nyuma ndipo anasogea kula.

Sasa mzee huyu zamani alikuwa fundi wa mzungu aliyekuwa na shamba hapa, na mzungu huyo alikuwa na gari dogo la michezo la Kiingereza, jekundu, la viti viwili, halina paa, alikuwa akishindana nalo barabarani na wazungu wenzake, na mzee ndiye alikuwa anaitunza injini yake. Uhuru ulipokuja mzungu akauza shamba akaenda kwao, gari akamwachia mzee. Mzee aliliendesha miaka mingi, mpaka likaanza kuvuja oili na kutoa moshi, akaliweka kwenye ghala la mahindi juu ya mawe akalifunika turubai, akisema siku moja atalifungua. Hiyo siku haikufika. Macho yakaanza kumsumbua, na walipompeleka hospitali walimwambia ni presha ya macho na imechelewa, na mwaka juzi giza likamfunga kabisa.

Mama Cherop, ungemwona baada ya hapo ungelia. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akawa mtu wa kulala. Chakula anakula kidogo anageukia ukuta. Wazee wa kanisa wakija kumwombea anawaambia asante na hasemi lingine. Nilimwandikia mume wangu kwamba baba anazidi kudhoofika, naye akatuma dawa za kuongeza damu.

Basi siku moja mwaka jana baada ya mavuno nilikuwa ghalani ninapanga magunia, mzee alikuwa ameketi mlangoni kwenye jua, na mimi nikagonga lile gari na mguu nikaumia, nikasema kwa hasira tu, "Na hili gari lina shida gani mpaka likae hapa hivi?"

Mzee akasema, "Linavuja. Oili inatoka mbele, inatoka nyuma, inatoka juu. Sili zote zimekauka."

"Na likifunguliwa?"

"Nani atalifungua?"

Sijui ni nini kilinishika, Mama Cherop. Nikamwambia, "Baba, mimi nina macho na wewe una akili yake. Niambie nianzie wapi." Akageuza uso kwangu kama anaona. Akasema, "Tafuta makopo. Kila bolti utakayotoa iwe na kopo lake, na uniambie imetoka wapi. Ukichanganya, tumekwisha."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Vijana waliokuja kupakia mahindi waliinua injini kwa mnyororo kwenye boriti wakaiweka juu ya meza ya mbao, na kuanzia hapo kazi ikawa yetu wawili. Ninatoka sokoni mapema, ninafika, yeye ameketi kwenye kiti chake upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili. Ninatoa kipande, ninakiosha na mafuta ya taa, ninakiweka mezani, ninaondoa mkono, naye anakichukua anakipapasa. Anajua kila kitu kwa vidole. Ananiambia, "Hapa kuna mkwaruzo, umeuona?" Ninaangalia kwenye jua siuoni, ninaangalia tena ninauona, mwembamba kama unywele. Alinifundisha kukwangua gasketi kuukuu, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma ili oili isipenye, na alinikataza kukwangua kwa kisu mahali chuma ni laini, akaniambia nichonge kijiti. Na gasketi mpya tulizitengeneza wenyewe. Unaweka karatasi ya manila juu ya chuma, unaigonga pole pole na nyundo pembeni mpaka ukingo wa chuma unajichora, halafu unakata. Hapo ndipo mimi nilimshinda mzee, kwa sababu kukata ni kazi yangu, nilikata kama ninakata kola ya shati, akaipapasa akacheka kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka tangu macho yafe.

Sili za mpira, zile pete zinazoziba oili, nilizitafuta Eldoret kwa watu wa vipuri vya trekta, ninabeba ile ya zamani kwenye karatasi ninawaambia nipeni inayolingana na hii. Valvu tulizisaga moja moja mpaka mafuta ya taa tukiyamwaga hayapenyi. Na wakati wa kukaza bolti za ndani, mzee alitaka ajue nimekaza kiasi gani, na hawezi kuona, na mkono wake hauwezi kuwa juu ya mkono wangu, basi tukatafuta bomba refu tukalivisha kwenye spana, mimi ninashika huku karibu na bolti, yeye anashika kule mwisho, katikati yetu kuna nafasi ya mtu kuketi, na anasikia kwa lile bomba. "Ongeza. Ongeza. Hapo. Usizidishe." Nilijifunza kukisikia hicho anachokisikia.

Na mzee akaamka. Akaanza kuomba chai asubuhi. Akaanza kuuliza habari za watoto shuleni. Akawa ananiita kabla jua halijapanda, "Mama Bravin, leo tunafanya nini?" kama sisi ni watu wa karakana.

Mume wangu sikumwambia. Ninakueleza ukweli. Nilimwandikia kila mwezi habari za ng'ombe, na mahindi, na kikohozi cha mtoto, lakini injini sikuitaja, nilijiambia nitamshangaza akija Krismasi, Krismasi hakupata likizo, nikajiambia basi Pasaka.

Kabla ya Pasaka mzee alikuwa akipapasa kile kibakuli cha chini kinachobeba oili, ukingo wake ulikuwa mkali, ukamkata kidole vibaya sana, damu ikaruka mpaka kwenye meza. Na mimi, Mama Cherop, sikufikiri, niliruka nikaushika mkono wake na mikono yangu yote miwili, nikavua leso ya kichwani nikamfunga nayo, nikawa nimekishikilia kile kidole damu isitoke. Mlangoni nikasikia mtu amevuta pumzi. Ilikuwa ni Senje Kageha, dada yake mzee, shangazi wa mume wangu, amekuja kutusalimu. Aliniangalia nikiwa kichwa wazi na mkono wa baba mkwe ndani ya mikono yangu. Hakuingia. Aligeuka akaenda, na kwa siku chache tu soko lote likawa linajua kwamba bibi ya Phanuel anashikana mikono na mkwe wake ghalani. Wateja wengine wamehamisha vitambaa vyao kwa fundi mwingine.

Phanuel alikuwa tayari ameambiwa kabla hajafika nyumbani. Alikuja Jumamosi ya Pasaka, hakuingia nyumbani hata kuweka mkoba, alikwenda moja kwa moja ghalani. Mzee alikuwa ameketi anafuta pistoni, mimi nilikuwa ninakata gasketi.

"Nani alifungua hii injini?"

"Bibi yako," mzee akasema.

Phanuel akasema, na sauti yake haikuwa yake, "Baba, mimi nikiwa mtoto ulinichapa kwa sababu niliketi ndani ya hili gari. Ulikuwanga unanifukuza hapa kama kuku. Leo bibi yangu ndiye anashika spana?"

Mzee aliendelea kufuta ile pistoni.

Phanuel akanigeukia. "Zipporah, usiguse hii kitu tena. Sitaki kusikia umekanyaga humu."

Pasaka yote hakusema na mimi isipokuwa mbele ya watoto. Jumatatu kabla ya kuondoka nilimwona kwa dirisha la jikoni, ameingia ghalani peke yake, amechukua pistoni moja, anaigeuza geuza, akainusa, akairudisha mahali ambapo si pake. Nilijua anaangalia nimeharibu nini. Akaenda zake Mombasa.

Sasa mzee amerudi kulala. Ameugeukia ukuta. Injini iko wazi juu, silinda zinaangalia boriti, ghala linavuja upande mmoja, nimemwaga oili ndani nikafunika na nailoni lakini ukungu wa huku unaujua, kutu haitangoja. Kilichobaki si kingi, ni kurudisha pistoni, kibakuli cha chini na kichwa cha injini, na kukaza, ila ile gasketi kubwa ya hapo ni ya shaba, haikatwi kwa mkasi, tulikuwa bado tunaitafuta. Nikimtii mume wangu, baba yake atakufa kwa huzuni nikimwangalia. Nikimsaidia mzee, nitavunja nyumba yangu na jina langu sokoni litaoza. Na sijui kama kweli nimefanya dhambi, kwa sababu moyoni mwangu sioni dhambi, ninaona kidole kinachotoka damu. Niambie nifanye nini.

Ni mimi mwenye dhiki,
Zipporah, Lugari, Kakamega.


MAMA CHEROP ANAJIBU

Zipporah, mwanangu, sikucheka. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimekutumia jibu hili kwa posta kwanza, kwa sababu injini iliyo wazi haiwezi kungoja zamu yake gazetini.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hujafanya dhambi. Mtu mzima kipofu akikatwa na chuma, aliye karibu anamshika, awe mkwe, awe mgeni, awe nani. Mlitafuta hata bomba ili mikono yenu isikutane, na watu wanaojua heshima ndio wanaohangaika hivyo. Wateja waliohama watarudi nguo zao zikishonwa kombo.

Sasa nikugombeze, maana unastahili. Miezi yote hiyo ulimwandikia mumeo habari za ng'ombe, za mahindi, za kikohozi, ukairuka injini nzima! Wewe uliita ni kumshangaza. Yeye alishangazwa kweli, lakini na watu wa barabarani, wakimwambia mambo ya mke wake na baba yake kabla hajatua mkoba. Weka moyo wako mahali pake wakati huo. Mtu yeyote angefika kwenye mlango huo amekasirika. Hilo ni kosa lako, likiri bila kuzungukazunguka.

Lakini sikiliza, Zipporah, kwa sababu nadhani hukumsikia mumeo vizuri, na wewe ndiye uliyeniandikia maneno yake. Alipofika ghalani, je, alisema umemgusa baba yake? Hakusema. Aliuliza nani alifungua injini. Kisha akasema habari za kuchapwa. Mtu huyu amekuwa na kidonda tangu utotoni: baba yake alikuwa na kitu kimoja alichokipenda, na mtoto akakatazwa kukikaribia. Amekua, ameoa, ameenda kutafuta kazi mbali, na siku moja anarudi anakuta yale mafunzo aliyoyatamani yamepewa mke wake. Maneno ya soko yalimpa tu sababu ya kufoka. Na siku ile ya dirishani hakuwa anakagua makosa yako. Mtu anayekagua makosa hainusi pistoni. Yule alikuwa mtoto aliyeingia ghalani wakati hakuna wa kumfukuza.

Kwa hiyo usiguse hiyo injini kwa sasa. Si kwa sababu ni haramu, ila kwa sababu kazi iliyobaki si yako, ni ya Phanuel. Endelea kumwaga oili kwenye silinda na kuhamisha meza ukavu ulipo, hayo hakuna atakayekulaumu.

Leo hii chukua kalamu umwandikie mumeo. Mweleze kila kitu tangu ulipogonga mguu. Omba msamaha kwa kumficha, wala usiombe msamaha kwa kazi yenyewe, maana ni kazi nzuri. Halafu mwambie kichwa cha injini hakijafungwa, na kwamba gasketi ya shaba imekosekana Eldoret, na Mombasa kuna wauza vipuri vya zamani, ajaribu kuitafuta. Mpe kitu cha kutafuta.

Ya pili ni ya Senje Kageha. Mama huyu amebeba maneno kutoka ghalani hadi sokoni, sasa abebe na mengine. Nenda kwake, piga magoti ukitaka, mweleze kaka yake yuko katika hali gani. Yeye ni dada, anaweza kumwambia lile ambalo wewe mkwe huwezi: kwamba aombe mwenyewe, kwa mdomo wake, mtoto wake aje. Barua yako peke yake haitatosha. Ruhusa ambayo Phanuel ameingoja miaka yote hii si ya mke wake, ni ya baba yake.

Na wewe mzee, kama utasomewa haya: ulimfukuza mtoto kwa kuwa uliogopa atavunja kitu cha thamani. Sasa unajua chuma kinatengenezeka. Mwite.

Mwezi ukiisha na Phanuel hajaja wala hajajibu, Zipporah, ifunge injini mwenyewe. Mchana, mlango wazi, Senje ameketi kwenye kiti ndani ya ghala. Sitakuambia umwache mzee alale huko ukutani ili soko lipate raha.

Mama Cherop.


Wasomaji wangu, kabla ukurasa huu haujapelekwa kuchapwa nimepata barua ya pili kutoka Lugari, na Zipporah ameniruhusu niwaeleze.

Senje Kageha alimkaripia Zipporah kwanza, akamaliza, akavaa viatu. Alimshika kaka yake mkono wakatembea hadi posta ya Lumakanda, akampigia Phanuel simu kazini, akamwekea mzee simu sikioni. Mzee alisema, "Phanuel, ni baba yako. Njoo tufunge hii injini." Senje anasema upande wa pili ulikuwa kimya mpaka shilingi zikaisha, na mzee akaendelea kushika simu iliyokatika.

Phanuel alikuja na ruhusa ya kazini, amebeba gasketi ya shaba imefungwa kwa gazeti kifuani, ndani ya shati, kama mtu anayebeba kifaranga. Yeye na baba yake walifanya kazi wakigombana tangu asubuhi. Zipporah alikaa jikoni, hakwenda. Kisha akasikia mume wake anamwita kutoka ghalani: "Mama Bravin, kuja! Tumefika kukaza na baba anasema mimi ninazidisha. Anasema wewe ndiye unajua mahali pa kuacha." Akaenda. Senje alikuwa ndani kwenye kiti, anapukuchua mahindi. Phanuel alishika spana, mkono wa Zipporah ukawa juu ya wake, na mzee akashika mwisho wa bomba.

Waliiunganishia betri na petroli palepale mezani, na injini ikawaka. Ilitoa moshi kidogo, ikatulia, na chini ya meza hapakuwa na tone. Watoto walipiga kelele, Senje akaangusha ungo. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Walimngoja aseme. Akasema, "Silinda ya tatu inakohoa. Ifunguliwe tena."

Sasa Phanuel amerudi Mombasa, na Zipporah ananiuliza afanye nini, kwa sababu mzee anamsumbua kila asubuhi kupitia mlango, alete spana.

Zipporah, umeniandikia kwamba mumeo alipokuwa anaondoka alikuambia, "Mkifungua, niandikieni mmekuta nini." Basi unaniuliza nini mimi? Mpelekee mzee spana. Mlango uwe wazi, Senje awe kwenye kiti chake, na mnachokikuta mwandikie Phanuel siku hiyo hiyo.